Moto Sana, Haraka, Tena

Mpangaji wa chumba cha uani, Bwana Zheng,
alitoboa visima Hombolo, Chihanga, hadi Bahi,
akirudi jioni na udongo mwekundu masikioni,
na maji ya visima vyake hakuyanywa.
Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema,
akasema neno alilookota sokoni: "Chumvi."

Mkataba ulipokwisha aliniachia kopo la bati,
nusu yake majani, na kibakuli chenye kifuniko,
kidogo kuliko kipimo cha muuza karanga.
Kiswahili chake kilimtosha maagizo matatu:
"Moto sana. Haraka. Tena."
Akapanda basi la alfajiri.

Nililifungua kopo Oktoba, vumbi limesimama mlangoni.
Majani gani haya? Yamejikunja ngumi,
meusi, kama punje zilizosahauliwa kikaangoni.
Nikayapeleka puani: kwanza moshi,
karanga za kukaangwa kwenye mchanga,
kisha, kama mtu anayepita dirishani,
ua.
Sikulijua jina. Sechelela, mke wangu, akasema
ni mgunga, siku ya tatu baada ya mvua.
Nikamuuliza mvua yenyewe iko wapi.

Basi tukaingoja.
Kwa maji ya bomba letu chai hii hufa.
Nilijaribu mara moja, ikafanya utando
kama jicho la mbuzi mzee, na ladha ya msumari.
Nikalifunga kopo, nikalipandisha juu ya kabati
kando ya tochi na kofia yangu ya reli.

Desemba, usiku wa tarehe tisa, bati likapiga kelele.
Tulitoka na ndoo, sufuria, beseni la kunawia,
hata bakuli la mbwa.

Sasa sikiliza, maana fundisho ni fupi.
Mkaa uwe umeshika; birika lichemke mpaka kifuniko kicheze.
Kibakuli kipashe joto, chai haipendi kupokelewa na baridi.
Majani kijiko kimoja; usipakue kama unga wa ugali.
Mimina maji yanayotokota, na papo hapo yamwage.

"Yamwage?" Sechelela akasimama.
"Maji ya mvua? Ugogoni hapa? Mbele ya macho yangu?"
Nikamweleza: majani yanaoshwa, yanaamshwa.
Akakinga bakuli chini ya mkono wangu,
akaupelekea mche wa mzabibu pale ukutani,
akarudi, akakaa, bado ana kesi nami.

Saa sina. Lakini miaka ishirini na sita
nilikagua tiketi kwenye treni ya bara,
na stesheni zote ninazo mdomoni.
Kila stesheni, pumzi moja.
Maji ya kwanza: Dodoma, Zuzu, Kigwe. Mimina.
Ukichelewa utakunywa shubiri.
Rangi yake asali ya Itigi, kikombe chake mafunda mawili.
Sukari hapana. Maziwa hapana. Tangawizi ibaki sokoni.

Maji ya pili, mpaka Bahi. Moshi umeshuka.
Ya tatu, Kintinku, ndipo ua likapanda,
likakaa nyuma ya pua bila tiketi,
nami sikulishusha.
Ya nne, Makutupora.
Ya tano, Saranda, pale treni inapokwea mlima kwa kuhema:
ngumi zikafunguka, yakawa majani kweli,
yenye mishipa, yenye kingo za kung'atwang'atwa,
yamejaa hadi yanainua kifuniko.

Nikadhani yamekwisha. Ya sita nikaipeleka Manyoni,
nikasema, haya, abiria tushuke.
Sechelela, aliyeapa kwamba chai bila sukari
ni maji ya mgonjwa,
alikuwa amefumba macho, kikombe kitupu kiganjani.
Nje bati likaanza upya.
Akanyoosha mkono bila kunitazama.
"Manyoni nishuke nimfuate nani?" akasema.
"Tiketi yangu mimi ni ya Tabora."